Mashati ya Wageni wa Radi

Wadogo zangu wa pale dobini, mtanivumilia. Mkono huu umeshika pasi miaka mingi kuliko kalamu, na kila nikiandika naikandamiza karatasi kana kwamba ina mikunjo. Nilisoma mpaka darasa la sita kule Nagongera, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza vizuri. Maneno mengine nitayaandika kama tunavyoyasema. Palipokosewa, rekebisheni kimya kimya, kama tunavyofanya na kola iliyochakaa.

Siku ya kuniaga mliniuliza swali, na mimi kama kawaida yangu nikatazama sakafu. Mlisema mkutano mkubwa wa watu wa kompyuta, kutoka nchi nyingi, unakuja Tororo, mkataka kujua dobi ndogo kama yetu itapata nini humo. Jibu ninalo. Nimeliandika kwa wiki tatu, kwa sababu mwandiko wangu ni wa polepole, na kwa sababu nyingine mtakayoiona.

Mkutano wa namna hiyo niliwahi kuuona, zamani za serikali ya jeshi hapa Uganda. Lakini nianze na siku yangu ya kwanza kazini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama Hadija, mwenye dobi, alikuwa mama Mwislamu wa mjini, mnene, mcheshi, mumewe dereva wa lori. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama najua kufua. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama najua kusema. Nikaitikia kwa kichwa tena. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Fundi!" akaita. "Njoo uone, nimekuletea bubu mwenye masikio mazuri."

Fundi akatoka nyuma, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, amebeba pasi ya mkaa inayotoa moshi. Huyo ndiye Barasa, Msamia wa Buhehe, kule karibu na mpaka wa Kenya. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Kazi alifundishwa na Mhindi aliyekuwa na dobi ile kabla Wahindi hawajaambiwa waondoke. Mzee yule alipofunga virago alimwachia Barasa pasi tano, meza moja ndefu, na tabia ya kunusa kila nguo kabla ya kuikunja.

Siku hiyo ya kwanza sikugusa nguo ya mtu. Barasa alinipa jani la mgomba na pasi, akasema nipitishe mpaka nijue. Jani likilia na kugeuka jeusi, pasi ni kali, itaunguza. Likitulia na kung'aa, ni ya pamba. Nilipiga pasi majani ya mgomba tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama Hadija akapita akasema, "Migomba ya Tororo leo imependeza, itakwenda arusi." Ninyi mna pasi za kugeuza kidude cha joto, hamjui raha hiyo.

Barasa alinifundisha kanji ya muhogo ya kukazia nguo, namna ya kuipika iwe nyepesi kama maji ya mchele na kuichuja kwa kitambaa mara mbili. Alinikataza kupuliza maji kwa kinywa juu ya nguo, ingawa dobi wote wa mjini walifanya hivyo. "Hiyo shati unaitemea mate, halafu mtu anakwenda nayo kanisani," alisema. Alinifundisha kukunja mashuka. Shuka la hoteli hulikunji peke yako. Mnasimama wawili, kila mmoja na pembe zake, mnavuta, mnakaribiana, mnakabidhiana, mnarudi nyuma, mnakaribiana tena. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko pasi. Baadaye ikawa ndiyo kazi niliyoingoja tangu nikiamka.

Na alinifundisha jambo moja ambalo sikulielewa. "Mtu akiuliza nani alipiga pasi hii nguo," alisema, "wewe unasema ni duka. Usitaje mtu. Siku hizi afadhali nguo ijulikane, fundi asijulikane."

Nikaitikia kwa kichwa.

Miaka ile sabuni ilikuwa kama dawa. Chumvi, sukari, unga wa ngano, vyote vilitoka ng'ambo ya pili, upande wa Kenya, na vilipita Busia vimefungwa viunoni chini ya magauni ya gomesi ya akina mama. Mche mmoja wa sabuni tuliukata vipande kumi na sita kwa uzi. Wiki nyingine hatukuwa na hata kipande, tukafua kwa majivu, na Barasa akakaa mbele ya pasi zake baridi akizipaka mafuta kama mtu anayechunga ng'ombe wagonjwa.

Kaka yake alikuwa na dobi yake Busia ya Kenya, na kila mwezi alimtumia habari: njoo, huku sabuni ipo, meza ipo. Siku moja Barasa akamwambia Mama Hadija mbele yangu, "Mama, mimi sitaki kukuacha. Lakini fundi bila sabuni ni mtu wa kukaa tu. Nasikia kuna wageni wanakuja. Nangoja huo mkutano. Kama kazi ikirudi, nabaki. Ikikosa, nakwenda kwa ndugu yangu."

Mama Hadija akasema, "Basi itarudi." Mimi nilikwenda uani nikafua shati lililokuwa limeshafuliwa.

Wageni wenyewe walikuwa wataalamu wa radi na mitambo ya simu. Mnajua Tororo yetu, mvua ya mchana na ngurumo kila siku ikipenda. Radi ilikuwa inaua nyaya za simu na redio, na watu kama arobaini kutoka nchi mbalimbali wangekuja wiki nzima kuichunguza na kuzungumza juu ya vyombo vya kuizuia. Walikuja kutafuta kitu ambacho sisi tulikuwa tunakikimbia.

Mji ulijiandaa. Askari waliamuru maduka yapakwe chokaa, na yakapakwa. Tororo ikawa nyeupe kama yai, na ndani ya maduka hakuna hata kiberiti. Wengine wakashona bendera. Wengine wakajifunza kusema "karibuni" kwa Kifaransa. Hakuna aliyeuliza mgeni atahitaji nini akishaamka. Hapo ndipo Mama Hadija alipowapita wote. Alikwenda hoteli ya serikali chini ya Mwamba, ule mlima wa jiwe wa Tororo, akamwuliza meneja swali moja tu: mashine yako ya kufulia inafanya kazi? Haikuwa inafanya kazi, na wala hakuwa na sabuni. Akarudi na kazi ya wageni arobaini, na meneja akampa barua ya kupatia sabuni kwenye bohari. Andikeni hilo mahali: msimwulize mwenyeji anataka nini, mwulizeni nini kimeharibika.

Siku ya kwanza ya mkutano nilifanya kosa. Mimi nilizoea nguo za maofisa wetu, ambao walitaka shati lisimame lenyewe mezani kama mtu. Nikatia kanji ile ile kwenye mashati ya wageni. Jioni meneja akaja akasema kuna mgeni ameshindwa kuinua mkono kuuliza swali. Barasa hakunifokea. Alichukua shati moja, akalivaa juu ya lake, akatembea nalo mlangoni akiwa ameshupaa kama mlingoti wa simu, mpaka nikacheka kwa sauti. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikicheka. Alisimama akanitazama, akasema, "Kumbe sauti iko."

Siku ya pili ikaja mvua. Tulikuwa na mashuka na mashati uani kwenye kamba, mbingu ikapasuka juu ya Mwamba, na tulipokuwa tunakimbia kuanua tuliwaona wageni wetu kwenye uwanja wa hoteli, ng'ambo ya barabara, wametoka nje na vyombo vyao, wanashangilia. Kila radi ilipopiga walipiga makofi. Mama Hadija, shuka kichwani, akawapigia kelele, "Shangilieni tu! Kesho mtaenda mkutanoni uchi!"

Jirani yetu alikuwa Mzee Sadala, mwoka mikate. Unga ulikuwa hakuna, kwa hiyo tanuri lake aliliwasha mara mbili kwa wiki, kwa mikate ya hospitali tu. Barasa alikwenda kumwomba chumba cha tanuri. Kilikuwa na joto na paa lisilovuja, na kuni alikuwa nazo. Tukafunga kamba humo kutoka ukuta hadi ukuta, tukaanika kila kitu. Asubuhi nguo zote zilikuwa kavu. Barasa akanusa shati la kwanza, akanusa la pili, akanigeukia.

"Athieno, nusa."

Yalinuka mkate. Yote arobaini. Hatukuwa na siku ya kuyafua tena. Tukayapiga pasi, tukayapeleka hivyo hivyo, na Mama Hadija akasema kama kuna mtu atauliza, yeye amekwenda Molo kwa mgonjwa.

Aliuliza mtu. Saa saba mchana aliingia mgeni mmoja kutoka Zaire, Injinia Kalala, mrefu, mwenye miwani minene, ameshika shati lake mkononi. Mama Hadija hakupata hata nafasi ya kukimbilia Molo.

"Mama," alisema yule bwana, akilinusa shati mbele yetu, "hii shati iko na harufu ya mkate."

"Samahani sana, bwana. Tutaifua tena sasa hivi. Athieno, maji!"

"Hapana kufua! Mimi nakula ndizi ya kuchemsha siku tatu, asubuhi, mchana, jioni. Leo navaa, nasikia mkate kwa shati. Mama, mimi siombi mufue. Mimi naomba munionyeshe huyu mkate iko wapi."

Barasa alicheka mpaka akaweka pasi chini. Tukampeleka kwa Mzee Sadala. Mzee akakuna kichwa. Unga aliokuwa nao ulikuwa nusu gunia, alioufichia Idd.

"Sadala," Mama Hadija akamwambia, "Idd itakuja na unga wake. Hawa watakuja lini tena?"

"Na watoto wangu niwaambie nini?"

"Waambie baba yao alilisha watu wa radi."

Akaoka. Siku iliyofuata walikuja wageni wanane. Kesho yake tena walikuja karibu wote, kwa miguu, wakiacha mabasi yao ya serikali yamesimama. Na hapo, wadogo zangu, ndipo nilipojifunza jambo mnaloniuliza. Mgeni akishatoka hotelini kwa kitu kimoja, macho yake yanafunguka. Aliyekuja kwa mkate aliona viatu vyake vimelowa, akaenda kwa fundi viatu. Mwingine mfuko wake ulichanika, akaenda kwa mshonaji. Mama wa karanga aliyekuwa akikaa stendi akahamia mlangoni kwetu, na hakuna aliyemfukuza, kwa sababu wageni waliokuwa wakingoja mkate walikuwa wanakula karanga na hawakuchoka kungoja. Tulielekezana wateja. Mzee Sadala akiulizwa kuhusu nguo alinyoosha kidole kwetu, nasi tukiulizwa kuhusu chai tulinyoosha kwa jirani wa tatu. Hakukuwa na kikao cha kupanga hivyo. Wageni wengine wa Nairobi, waliposikia tunakata sabuni kwa uzi, walitoa miche yao kwenye masanduku.

Wiki ile dobi ilikuwa na moshi wa pasi tano tangu alfajiri. Barasa alikuwa anaimba. Tulikunja mashuka mpaka mikono ikakutana mara hamsini kwa siku, na siku moja hakuiachia pembe yake upesi, wala mimi sikuiachia. Akasema, bila kunitazama, "Naona kazi imerudi." Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Sasa nifike Jumamosi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mkutano. Adhuhuri wageni walikuja kuchukua mashati na kutuaga, duka likajaa. Pamoja nao alikuja kapteni mmoja aliyekuwa analinda wageni, jina lake hatukulijua. Alisimama kando ya mlango, ameshika fimbo nyuma ya mgongo. Injinia Kalala akainua shati lake jeupe mwangani. Lilikuwa limenyooka, laini, hakuna mstari hata mmoja mahali pasipotakiwa.

"Nani anapiga pasi namna hii?" aliuliza. "Hata kwetu sijaona."

"Ni duka, bwana," akasema Mama Hadija. "Ni duka letu."

"Duka haina mikono, mama."

Watu wakacheka. Barasa alikuwa nyuma ya pazia, nilisikia pasi yake inakwenda na kurudi. Nami nikafikiri: hawajui. Watu hawa wote wanaondoka kesho, nao hawajui ni nani. Akisifiwa leo mbele ya watu, atabaki, hatawaza tena Busia. Sijawahi kusema mbele ya umati kabla ya siku ile wala baada yake. Nilisema:

"Ni Fundi Barasa. Barasa wa Buhehe. Hakuna kama yeye Tororo nzima."

Pasi nyuma ya pazia ikasimama. Mama Hadija hakunigeukia, lakini niliona mabega yake yakishuka. Wageni walipiga makofi. Kapteni alisogea mbele.

"Barasa. Iko wapi?"

Pazia likafunguka. "Ni mimi, afande."

Kapteni akashika kola ya shati la Injinia kwa vidole viwili, akaiangalia. "Jumatatu asubuhi unaripoti kambini. Nguo ya maofisa yote itapita kwa mkono yako. Utalala huko huko. Hiyo ni bahati kubwa, unasikia?"

"Nasikia, afande. Asante."

Mwaka uliotangulia walimchukua hivyo hivyo mshonaji mmoja wa mtaa wetu, naye kwa bahati kubwa. Baba yake alipokufa hakuja kuzika. Mke wake alipeleka chakula langoni wiki tatu, siku moja wakamwambia asilete tena. Kila mtu wa Tororo aliyekuwa mle dukani alijua hilo. Wageni hawakujua, wakamshika Barasa mkono wa pongezi mmoja mmoja, naye akawa anawashukuru mmoja mmoja.

Walipotoka nilitaka kusema neno. Barasa akasema, "Athieno, mkaa unazimika," basi nikachochea mkaa. Hakunilaumu siku hiyo, wala siku iliyofuata, na siku nyingine haikuwapo.

Jumapili wageni waliondoka, wakaacha mashuka ya vitanda arobaini, na hoteli iliyataka Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha tena. Nilikuwa kwenye chumba cha tanuri, mchana, ninageuza mashuka kwenye kamba, Barasa akaingia amevaa shati lake la kanisani. Mzee Sadala alikuwa amempa kikapu na mikate ya mwisho ili aonekane mtu wa biashara. Angepita njia ya Buhehe, kisha avuke mpaka pale Busia katikati ya watu.

Tulikunja mashuka yaliyokauka. Yalikuwa sita. Tulipomaliza la sita akabaki ameshika pembe zake.

"Huko kwa ndugu yangu iko meza mbili," alisema. "Mimi nakwenda sasa. Utakuja?"

Alinisubiri. Nakumbuka joto la ukuta mgongoni mwangu na matone yakidondoka kutoka kwenye mashuka mengine. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu majani ya mgomba. Lakini nilikuwa nimesema jana, na mtazame kusema kwangu kulileta nini. Nikaogopa kwamba nikifungua kinywa tena, kitatokea kingine.

"Mashuka hayajakauka," nikasema.

Aliangalia mashuka. Akatabasamu kidogo, akaweka pembe zake mikononi mwangu. "Haya, msichana wa Nagongera," alisema, akabeba kikapu.

Jumatatu askari walikuja. Mama Hadija akawaambia fundi amekwenda kuzika Buhehe. Walimpiga kofi moja, wakachukua pasi tatu na ile meza ndefu. Mashuka yalifika hotelini kwa wakati. Niliyakunja peke yangu, na yote yalikuwa yamepinda.

Nilibaki dobini. Pasi mbili zilizobaki nilizitumia miaka mingi. Niliolewa, nikazaa, mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na hayo siyajutii. Serikali ile ilipoanguka na mpaka wa Kenya kutulia, nilikwenda Busia ng'ambo ya pili. Mwenye duka la karibu aliniambia ndugu wale walihama zamani, labda Kisumu, labda Eldoret. Nilikwenda tena mara tatu, nikijidanganya kwamba nafuata sabuni. Mpaka leo mtu akipita amebeba kikapu cha mkate, naangalia kwanza jinsi shati lake lilivyonyooka.

Basi mkutano wenu ukija, fanyeni hivi. Nendeni mapema mkaulize ni nini kimeharibika hotelini. Kubalianeni na jirani zenu kuelekezana wateja, kwa sababu dobi peke yake haiwezi kumtoa mgeni kitandani, lakini mkate unaweza. Kanji iwe nyepesi. Andaeni chumba chenye joto, maana mvua ya Tororo haisomi ratiba ya mkutano. Na fundi wenu akifanya vizuri, mtajeni kwa sauti, mwandikeni jina mlangoni kwa rangi. Wakati wenu unaruhusu. Wetu haukuruhusu, nami sikuwa nimeelewa.

Wageni wa kompyuta watatoka na upande wa Kenya pia, Kisumu na Eldoret na kwingine, na nyie mmezoea kuongea na watu. Nawaomba mwaulize. Kama kuna mzee huko, Msamia, fundi wa pasi, anayenusa nguo kabla ya kuikunja, au kama amekufa na ameacha watoto, mjue ndiye. Msimweleze mengi. Mwambieni tu kwamba alipouliza nilimsikia, na jibu lilikuwa ndiyo. Kisha niandikieni alichosema, hata kama ni neno moja, hata kama hakusema kitu. Msichelewe kama mimi.